Historia Fupi ya Marehemu

Wewe unayetusikiliza kutoka Mafinga, Ilula, Makambako, au uko kwenye basi la kwenda Mbeya na dereva amekubali kuongeza sauti, karibu tuzungumze. Leo ni habari ya msiba, ila punguza huzuni kidogo, maana kuna mahali tutacheka.

Ukihudhuria misiba mitatu hapa Kihesa, Iringa, ndani ya mwezi mmoja, na kwa baridi ya mwezi wa saba hilo si jambo la ajabu, unaweza kuisoma historia ya marehemu wa nne kabla hata hajafa. Alizaliwa mwaka fulani katika kijiji fulani, akiwa mtoto wa nne katika familia ya watoto tisa. Akapata elimu ya msingi mahali fulani. Akaajiriwa, akahamishwa, akahamishwa tena, akastaafu kwa mujibu wa sheria. Akaanza kusumbuliwa na maradhi, akapelekwa hospitali hii, akapewa rufaa kwenda ile, na huko mauti yakamkuta. Ameacha mjane, watoto watano na wajukuu kumi na mmoja. Unafuata ule mstari wa Ayubu ambao sote tunaujua, watu wanaitika amina, na mshereheshaji anaita ofisi ya marehemu ije kutoa salamu za rambirambi.

Kwa mtu aliyekuwa ofisini mpangilio huo haumdhuru sana. Umefanana na barua ya kuomba kazi, na yeye aliishi kwa barua za namna hiyo. Tatizo linaanza siku anapokufa mke wake.

Kuna mama mmoja wa mtaa wetu, simtaji jina, alisomewa mistari minne. Kuzaliwa, ndoa, ugonjwa, watoto aliowaacha. Kwenye kazi msomaji alisema alikuwa mkulima na mama wa nyumbani, akapita. Sasa huyu mama masika yote alikuwa anauza ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Wateja wake aliwajua kwa vinywa vyao: huyu wa mtogwa mtamu, yule hanywi mpaka uwe mkangafu mkali. Madeni aliyaandika kwa mkaa ukutani, nyuma ya mlango, kila mdaiwa na safu yake, na shule alikuwa hajaiona hata darasa la kwanza. Kwa ulanzi huo alisomesha watoto saba, wawili si wa kuwazaa yeye. Karatasi haikuwa na kichwa cha habari cha mambo hayo. Ilikuwa na nafasi ya elimu, hana. Nafasi ya ajira, hana. Basi ikabaki tupu, na mama akazikwa kama mtu aliyepita duniani bila kushika kitu.

Ila siku ile ile alikuwepo mtani wake, Mgogo mmoja mtu mzima. Jeneza lilipotolewa nje, yule mzee akajifunga kitenge kiunoni, akachukua jagi la plastiki, akaanza kupita kwa wanaume waliokaa kwenye mabenchi akidai madeni. Kwa sauti ya marehemu! Na ule mwendo wake wa kuburuta kandambili ya kushoto! Akamsimamia mzee mmoja mwenye koti zito, akamwambia safu yako imefika kwenye bawaba, unataka nihamie ukuta wa jirani? Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Binti wa marehemu, ambaye tangu asubuhi alikuwa amenyamaza kabisa, ndipo akalia. Kwa dakika tano yule mama alikuwa amerudi uwanjani kwake.

Vijana mliozaliwa mjini mtaniuliza utani ni nini hasa. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya kumi na tisa, enzi za mtawala wa Wahehe, Munyigumba, na mwanawe Mkwawa. Vita vilipokwisha ukabaki utani. Na Wagogo ni majirani zetu wa kaskazini, wenye utani wao na sisi Wahehe. Mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Anaweza kulala kaburini akakataa kutoka mpaka alipwe, anaweza kuzuia jeneza mlangoni, anaweza kumsema marehemu kwa ubahili wake mbele ya mjane, na hakuna wa kumkasirikia. Siku hizi ratiba zetu zimejaa wawakilishi wa vikundi na vikoba, mtani anaambiwa subiri, muda hautoshi. Mimi nasema wangepunguzwa wawakilishi. Mwakilishi wa saba anasema yale yale ya mwakilishi wa pili, na bahasha yenyewe ingeweza kupokelewa bila kipaza sauti.

Basi nataka yule anayeandika historia aende akakae na mtani kabla hajashika kalamu. Tunajua inavyokuwa. Kikao cha familia kinakaa usiku wa kuamkia mazishi. Kazi ya kuandika anapewa aliyesoma zaidi, mara nyingi kijana aliyeshuka jioni kutoka Dar es Salaam, ambaye marehemu alimkumbuka akiwa na kaptula. Anakaa sebuleni, baba mdogo anamtajia miaka na vituo vya kazi, anaandika kwenye simu, saa tano usiku kazi imekwisha. Wakati huo huo hatua ishirini nyuma ya nyumba, kwenye masufuria, wanawake wanamzungumza marehemu tangu juzi. Wanaume waliouzunguka moto nje nao wanamzungumza. Yote anayoyahitaji yule kijana yanasemwa huko, na hakuna anayeyaandika.

Kijana, toka sebuleni. Chukua daftari, nenda jikoni, saidia hata kumenya viazi, halafu uliza. Akikasirika alikuwa anafanyaje? Neno gani alilirudia mpaka mkamchoka? Alikuwa akienda wapi peke yake? Nani alimkopesha na hakumlipa, na alisemaje? Usiulize "alikuwa mtu wa namna gani", maana utajibiwa kwamba alikuwa mcheshi, mwenye upendo na mpenda watu, na hayo umeshayasikia kwa marehemu wote wa kata hii, wakiwemo wawili ambao tunajua hawakumpenda mtu yeyote. Mimi kipimo changu ni hiki: sentensi ambayo ingeweza kusomwa kwenye msiba wa jirani bila kubadilisha kitu isipokuwa jina, naifuta.

Waandishi wakubwa wa lugha hii walilijua hilo. Shaaban Robert, alipotaka kuandika maisha ya mtu, alimchagua Siti binti Saad wa Fumba, Unguja. Mwanamke wa familia ya wafinyanzi, hakusoma shule, alianza kwa kutembeza vyungu akinadi kwa sauti, na sauti hiyo hiyo ndiyo iliyomfikisha Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Alifariki mwaka 1950. Angeandikiwa kwa karatasi yetu ya Kihesa, kwenye elimu ingewekwa "hana", na vyungu visingetajwa kabisa.

Miaka nayo ina kazi yake, siidharau. Wazee wetu wengi hawana cheti cha kuzaliwa, na cheti cha ubatizo kikipatikana huwa kimeandikwa kwa kukadiria. Lakini mkoa huu una kalenda yake. Ukiambiwa bibi alizaliwa mwaka lilipoletwa fuvu la Mkwawa, umepata 1954. Kama alikuwa mwali alipouawa Mkuu wa Mkoa, Dokta Kleruu, kule Isimani, hiyo ni Krismasi ya 1971. Kama mtoto wake wa kwanza alitambaa wakati wa vita vya Kagera, basi ni 1978 au 1979. Andika hivyo hivyo, kwa tukio na mwaka wake. Watu waliosimama pale kaburini watajiona na wao walikuwa wapi siku hizo, wakati "alizaliwa tarehe 1 Julai" ya kubuni haimkumbushi mtu chochote.

Na kwa kuwa nimelitaja fuvu, nisimame hapo kidogo. Mkwawa alijiua tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, asikamatwe na Wajerumani. Taarifa ya saa zake za mwisho tunayoisoma mpaka leo iliandikwa na sajini wa Kijerumani, Merkl, kiongozi wa kikosi kilichomwinda. Ni taarifa ya kijeshi: tulisikia mlio wa bunduki, tulikuta miili miwili, kichwa kikakatwa kupelekwa kambini Iringa. Aliyekiondoa kichwa ndiye aliyeandika karatasi. Baadaye Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukaweka katika kifungu chake cha 246 kwamba fuvu lirudishwe ndani ya miezi sita. Miezi sita ikageuka miaka thelathini na mitano, mpaka Gavana Twining alipolikabidhi kwa mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi Mkwawa, na sasa liko Kalenga, mwendo mfupi tu kutoka hapa tulipo. Wako wanaoshuku kama ni lenyewe. Mimi kinachonisumbua zaidi ni ile taarifa. Walikuwepo wazee waliomjua Mkwawa akiwa nyumbani, wakajua anachokula na anachochekea, na wengi walikufa bila mtu kuwaendea na daftari.

Tuje kwenye urefu wa historia yenyewe. Sisi watu wa redio hatuna budi kumtaja Mwalimu Nyerere jioni ya tarehe 12 Aprili 1984. Waziri Mkuu, Edward Sokoine, alikuwa ametoka bungeni Dodoma akapata ajali njiani karibu na Morogoro, akafariki. Mwalimu akaja redioni mwenyewe. Alimtaja kwa undugu, kijana wetu na mwenzetu, akasema safari ilikuwa ya kutoka wapi kwenda wapi na nini kilitokea, akamaliza. Maneno machache ambayo mtu yeyote angeweza kuyaelewa, na walioyasikia wakiwa watoto wanaweza kukueleza walikuwa wamesimama wapi. Hotuba ndefu za mazishi yale, nani anazikumbuka?

Redio pia ndiyo iliyotuzoesha namna ya kutangaza vifo. Enzi za Radio Tanzania tulikuwa tunakaa kimya saa za matangazo ya vifo: fulani wa Kihesa, Iringa, anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi, habari ziwafikie fulani wa Tunduma, fulani wa Kilombero, na wengine popote walipo. Yale yalikuwa maneno ya kulipia, kila neno na senti yake, kwa hiyo walitaja watu tu na walipo. Ukisikiliza orodha ile ulijua ukoo umetawanyikia wapi, nani alikwenda kukata miwa, nani aliolewa mpakani. Nadhani historia nyingi za leo zingefaidika kama kila neno lingelipiwa.

Mahali pa kusomea nako pana utaratibu. Kwa Wakatoliki, na Kihesa ni wengi, mwongozo wa Misale ya Kirumi, namba 382, unataka mahubiri mafupi katika misa ya wafu na unakataza hotuba ya kumsifu marehemu kushika nafasi ya mahubiri. Ndugu wa familia anaweza kusema machache kabla ya maombi ya mwisho ya kumuaga marehemu, au historia isomwe nyumbani kabla ya kwenda kanisani. Zungumza na katekista mapema, usimvizie padre altareni. Kwa Walutheri wa KKKT, ulizia usharika wako, kila mahali wana ratiba yao. Ndugu zetu Waislamu wanazika haraka na maneno huwa machache. Kumbukumbu za mtu zinapata nafasi yake nyumbani, watu wakikusanyika kumwombea.

Sasa sehemu ngumu. Ugonjwa. Utafiti wa taifa wa mwaka 2003 na 2004 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Iringa, wakati huo Njombe ikiwa bado ndani yake, watu wazima kama 13 katika kila 100 walikuwa na virusi vya Ukimwi, karibu mara mbili ya wastani wa nchi. Mbeya ilikuwa vivyo hivyo. Dawa za bure zilianza kutolewa mwaka 2004. Kwa hiyo kuna kizazi kizima tulichokizika kwa maneno mawili: "baada ya kuugua kwa muda mrefu" na "kifua". Tulikuwa tunawasitiri, na pia tulikuwa tunaogopa. Msimamo wangu ni kwamba siri ya ugonjwa ni mali ya marehemu. Kama alisema hadharani akiwa hai, sema. Kama alificha, karatasi yako haina haki ya kufichua. Lakini tusiuache ugonjwa umalize nafasi yote. Mara ngapi mtu aliyeishi miaka sitini anasomewa historia ambayo nusu yake ni majina ya hospitali na tarehe za rufaa? Mstari mmoja unatosha. Madaktari wanayo faili.

Na watoto. Hapa naomba wenye kikao mnisikilize vizuri. Mnapofika kwenye "ameacha watoto", kuna yule ambaye baba alimzaa kule alikohamishiwa kazi, mnamjua nyote, na huwa amekuja, amekaa nyuma kabisa na mama yake mdogo. Mkisema watoto watano wakati ni sita, yule wa sita amesikia kwa kipaza sauti, mbele ya mtaa mzima, kwamba hayupo. Kesi nyingi za mirathi zinazofika Mahakama ya Mwanzo zinabishaniwa kwa hati na muhtasari wa kikao cha ukoo, ila chuki yake ilianzia pale turubaini. Kama hamjakubaliana usiku, bora msomaji aseme ameacha watoto na wajukuu, asitaje idadi. Hiyo ni hatua ya chini kabisa. Ya juu yake ni kumtaja kwa jina.

Nimepata pia swali la msikilizaji mmoja, binti, ambaye amepewa kazi ya kumwandikia baba yake, na baba alikuwa mlevi na alikuwa anapiga. Anauliza aandike nini. Binti yangu, usimwandikie baba usiyemjua. Ukisema alikuwa mlezi mwema, mama yako amekaa mstari wa mbele na anajua, na majirani waliokuwa wanavunja mlango usiku wanajua. Andika yaliyo kweli na yanayosemeka: kwamba alikuwa fundi uashi, nyumba ile na ile ni za mikono yake na hazina ufa; kwamba pombe ilimchukulia mengi na familia pia ililipa. Sentensi hiyo moja, isome taratibu, uendelee. Hakuna atakayesema umemtukana, na mama yako atajua umemkumbuka. Kama huwezi kuisoma, mwachie shangazi. Au ikatae kazi hiyo kabisa, una haki hiyo.

Kuhusu kusoma kwenyewe, haya ni mambo ya ufundi, nayasema haraka. Andika kwenye karatasi, usitegemee simu. Jua la saa nane linaua kioo cha simu na upepo wa huku kwetu utakupiga usoni. Herufi kubwa, mistari iachane, karatasi zishikwe na ubao wa kuandikia au hata jalada gumu la daftari. Dakika tano, sita zikizidi sana. Isome kwa sauti usiku ule ule kwa mtu mmoja, pale utakapokwama kulia ndipo utakapokwama kesho, basi weka alama ya kupumua hapo. Kipaza sauti usikimeze. Majina ya vijiji yatamke kama wenyewe wanavyoyatamka. Na chagua mtu wa pili, asimame karibu yako akiwa na nakala yake, muwe mmepatana kabisa kwamba ukinyamaza kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi, anaendelea kutoka hapo hapo bila kukushika bega na bila kuomba radhi kwa watu.

Nakala ya tatu iende kwa anayefuatilia cheti cha kifo RITA, kwa sababu ndiyo karatasi pekee ambapo ukoo mzima umekubaliana tarehe. Ahakikishe jina limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa. Na mtani alipwe kabla hajaondoka, hata kama ni kuku. Wapo wanaosahau, halafu wanashangaa akirudi siku ya kuondoa matanga na jagi lile lile.